Betri za viti vya magurudumu vya umeme: Jinsi ya kuzichagua na kuzitunza

MTU anayetumia kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mikono akichoka hupumzika kivulini, kisha akaendelea na safari yake. Anayetumia kiti cha umeme hana hiari hiyo. Betri zikimwishia katikati ya barabara ya Mombasa kuelekea Malindi, kiti ambacho uzito wake unaweza kuzidi kilo 80 hugeuka mzigo wa kuwasumbua wapita njia wawili au watatu, tena baada ya kuonyeshwa mahali kilipo kishikio cha kuachanisha mota na magurudumu. Kwa sababu hiyo suala la betri haliwezi kuachiwa fundi peke yake. Mwenye kiti ndiye anayepaswa kulijua zaidi ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye atakayekwama.

Mtaa wa Bombolulu, ng'ambo ya Daraja la Nyali, una historia ndefu katika masuala ya watu wenye ulemavu. Hapo ndipo shirika la APDK, ambalo liliasisiwa mwaka 1958 kuwahudumia walemavu wa viungo nchini Kenya, lilipoanzisha karakana zake mwaka 1969, zikawapa mafundi wenye ulemavu kazi ya kutengeneza vito, mikoba ya ngozi, nguo na vinyago. Shirika hilo limekuwa pia likiunda viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, na ufundi wa kuzikarabati umeenea: fundi yeyote wa baiskeli anaweza kubadilisha tairi au kuunga chuma kilichokatika. Viti vya umeme ni habari nyingine. Hutoka ng'ambo, baadhi vikiwa vipya na vingine vikiwa vimekwisha kutumika huko vilikotoka, na mara nyingi ujuzi wa kuvitunza hauji pamoja navyo.

AINA YA BETRI

Takriban viti vyote vya umeme hutumia volti 24, na volti hizo hupatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano, yaani ncha chanya ya moja ikafungwa kwenye ncha hasi ya nyingine. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Duka lolote la vipuri vya magari kuanzia Kongowea hadi Changamwe lina betri za volti 12, na muuzaji asiyejua matumizi yake atakwambia kwamba volti ni volti. Si kweli. Betri ya gari, ya tuktuk au ya bodaboda imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha jenereta ya chombo hicho huijaza tena papo hapo. Ndani yake mna bamba nyingi nyembamba za risasi. Ukiitumia kwa saa kadhaa hadi ikaribie kuisha, kama kiti kinavyofanya kila siku, bamba hizo huharibika upesi, na betri uliyoinunua kwa bei nafuu inaweza kufa baada ya majuma machache tu.

Kiti huhitaji betri ya kutumika hadi chini, ambayo bamba zake ni nene na zinastahimili kuisha na kujazwa mara mamia. Aidha, ni lazima iwe ya kufungwa, isiyomwaga asidi, kwa sababu iko chini ya makalio ya mtu. Betri ya kumiminiwa maji, hata ile nzuri ya sola, haifai: kiti kikiinama kwenye mteremko au kikipinduka, asidi humwagika juu ya nyaya, mota na miguu ya mtu ambaye huenda hana hisia za kumwonya kwamba anaungua.

Betri za kufungwa za risasi na asidi ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi laini za kioo iliyobanwa katikati ya bamba. Ya pili ni ya jeli, ambayo asidi yake imechanganywa na unga wa silika ikawa nzito kama uji uliopoa. AGM ni rahisi zaidi na hupatikana kwa wingi, kwani ndiyo hiyo hiyo inayotumika katika mitambo ya sola na ya kuhifadhi umeme wa kompyuta. Jeli hugharimu zaidi, lakini kwa kawaida hustahimili matumizi ya hadi chini na joto kuliko mwenzake, na joto ni jambo lisiloepukika Mombasa. Kwa mtu anayetumia kiti kila siku, nami nikiulizwa, jeli ndiyo ya kununuliwa mfuko ukiruhusu. Watu wengi huziita zote mbili betri kavu. Jina hilo limezoeleka lakini linapotosha, kwani ndani mna asidi ya kutosha kumjeruhi mtu, na anayeipasua ili kuiongezea maji huwa ameiua.

UKUBWA UNAOFAA

Uwezo wa betri hupimwa kwa ampea-saa, na huandikwa ubavuni kwa kifupi cha Ah. Viti vidogo huchukua betri za Ah 31 hadi 40, vya wastani Ah 50 au 55, na vikubwa Ah 70 na zaidi. Kisanduku cha betri ndicho huamua: pima urefu, upana na kimo chake kabla ya kwenda dukani, kisha angalia pia ncha ziko upande gani, kwa kuwa betri mbili zenye vipimo sawa zinaweza kupishana katika mpangilio wa ncha na nyaya zikakosa kufika. Kuchukua betri yenye Ah kubwa kuliko ya awali ni jambo jema ikiwa inaingia. Uzito nao usisahauliwe. Betri moja ya Ah 50 hukaribia kilo 17, nazo ziko mbili.

Hesabu ya masafa si ngumu. Betri mbili za Ah 50 katika volti 24 zina nishati ya wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Anayetaka zidumu hatazitumia zaidi ya nusu kwa siku ya kawaida, kwa hivyo amebaki na wati-saa 600. Kiti cha wastani kikienda juu ya lami au saruji iliyonyooka kinaweza kula wati-saa 30 au 40 kwa kilomita moja. Hivyo basi safari ya kilomita 15, kwenda na kurudi, inawezekana. Lakini masafa yanayotangazwa na watengenezaji hupimwa kwa kiti kipya, juu ya njia ngumu iliyo tambarare. Mchanga wa vichochoro vya Kisauni, mashimo ya barabarani na mzigo wa sokoni hupunguza masafa hayo mno.

Mfano mzuri zaidi ni kivuko cha Likoni. Mteremko wa kuingilia feri hushuka, kisha upande wa pili hupanda, na ukali wake hubadilika kulingana na maji: maji yakiwa yamekupwa mwinuko huwa mkali zaidi kuliko yakiwa yamejaa. Mota inayopanda mwinuko kama huo hudai ampea mara kadhaa zaidi ya zile inazozitumia tambarare. Betri ya risasi na asidi ina tabia moja ya kukera: kadiri inavyokamuliwa kwa kasi ndivyo jumla ya nishati inayoitoa inavyopungua. Ah 50 zilizoandikwa ubavuni hupimwa kwa kawaida kwa kuitoa polepole kwa saa 20. Ukiimaliza kwa saa moja au mbili hutapata kiasi hicho. Anayevuka Likoni kila asubuhi anapaswa kuhesabu mwinuko wa kurudi jioni, wakati betri tayari imechoka.

SIKU YA KUNUNUA

Nunua betri mbili kwa pamoja, za kampuni moja, za ukubwa mmoja na ikiwezekana za tarehe moja. Kubadilisha moja iliyokufa na kuacha nzima kunaonekana kuokoa pesa, ilhali ni hasara. Betri hizo zimefungwa kwa mfuatano, umeme ule ule hupita katika zote mbili, na ile kuukuu itaisha kwanza, ikasukumwa chini ya kiwango salama, kisha wakati wa kujazwa itasababisha mpya ipewe umeme usio sawa. Katika miezi michache zote zitakuwa zimeharibika.

Isitoshe, betri mpya si lazima iwe nzima. Betri iliyokaa rafuni hupoteza nguvu yenyewe, na upoteaji huo huongezeka maradufu hivi kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za joto. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo huenda imepigwa muhuri kwa tarakimu kwenye kifuniko, na uepuke iliyozidi miezi sita bila kujazwa. Mwombe muuzaji aipime kwa mita mbele yako. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma volti 12.8 au zaidi kidogo; iliyo chini ya 12.4 imelala njaa muda mrefu na haifai kulipiwa bei ya mpya.

Onyo jingine linawahusu waliopokea viti vilivyotumika ng'ambo. Kiti kilichotoka Marekani huenda kikaja na chaja ya volti 115, na stima ya Kenya ni volti 240. Ukiichomeka bila kusoma maandishi ya chini yake, itaungua mara moja. Chaja nyingine zina swichi ndogo ya kuchagua volti; nyingine, hasa za kisasa, hukubali kuanzia 100 hadi 240 zenyewe. Betri zilizosafiri na kiti kama hicho ndani ya kontena kwa miezi kadhaa huwa zimekwisha kufa, hata kama kiti kinatembea hatua chache mbele ya waliokuja kupiga picha. Anayeahidiwa msaada wa kiti na aulize mapema ni nani atakayelipia betri.

KUJAZA KILA USIKU

Kanuni ya kwanza ya kujaza ni hii: kila siku kiti kilipotumika, kijazwe usiku huo huo hadi chaja yenyewe iseme imemaliza. Wapo wanaoamini kwamba betri ni lazima iachwe iishe kabisa kwanza. Dhana hiyo ilitokana na betri za zamani za nikeli na kadmiamu, na kwa betri za risasi ni kinyume chake. Betri ya risasi inapotumika, salfeti ya risasi hujengeka juu ya bamba zake. Ikijazwa upesi, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi katika asidi. Ikiachwa siku kadhaa, huganda kuwa fuwele ngumu zisizotoka tena, na sehemu hiyo ya betri imepotea. Aliyelazwa hospitalini mwezi mzima na kiti chake kimeachwa nyumbani nusu tupu atakuta betri zimekufa bila kutumika.

Kujaza kikamilifu huchukua saa 8 hadi 12, na saa za mwisho, ambazo taa huwa bado ya rangi ya chungwa na ampea zinazoingia ni chache, ndizo muhimu zaidi. Kuichomoa baada ya saa tatu kila siku ni kuiua taratibu. Umeme ukipotea usiku, kama unavyopotea mara kwa mara, iache chaja ikiwa imechomekwa ili iendelee utakaporudi, na asubuhi uangalie kama imemaliza. Gharama si kubwa kama watu wanavyodhani: kujaza tupu hadi pomoni betri mbili za Ah 50 hula takriban uniti moja na nusu ya stima. Wasiwasi wa tokeni usimfanye mtu aharibu betri za maelfu ya shilingi.

Chaja iwe ya volti 24, ya aina ya betri ulizo nazo. Ya jeli hutaka kikomo cha volti cha chini kidogo kuliko ya AGM, na chaja nyingi zina swichi ya kuchagua kati ya hizo mbili. Nguvu yake iwe kati ya asilimia 10 na 20 ya Ah za betri. Kwa Ah 50, chaja ya ampea 5 hadi 8 inatosha. Chaja ya gari haifai kamwe.

Kisha kuna joto, adui ambaye vijitabu vya Ulaya humtaja kwa mstari mmoja tu. Maisha ya betri yanayoandikwa na watengenezaji hukadiriwa katika nyuzi 20 au 25, na kwa kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi hapo maisha hayo hupungua kwa karibu nusu. Mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika, adhuhuri ya Mombasa hufikia nyuzi 32 au 33 kivulini, na ndani ya chumba chenye paa la mabati hali huwa mbaya zaidi. Mkazi wa Bombolulu asishangae basi betri aliyoambiwa itadumu miaka minne ikimaliza miwili. La kufanya ni kujaza usiku, dirisha likiwa wazi, na kutoegesha kiti juani. Joto pia hudai volti za kujazia zipungue: kwa mfumo wa volti 24, tofauti kati ya nyuzi 25 na 33 ni volti 0.3 hadi 0.4. Ikiwa unanunua chaja mpya, itafute ile inayojirekebisha kulingana na joto. Usijazie karibu na jiko la makaa, kwani betri iliyojazwa kupita kiasi inaweza kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi.

Zaidi ya hayo, acha mtindo wa kuchukua waya kutoka betri moja kwa ajili ya redio, taa au kuchajia simu. Vifaa hivyo vya volti 12 huikamua betri moja na kuiacha nyingine, na chaja ya volti 24 haina njia ya kuona tofauti hiyo. Ukitaka kuchaji simu, tumia kifaa cha kushusha volti kinachofungwa kwenye betri zote mbili na chenye fyuzi yake.

CHUMVI NA MAJI

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula shaba na risasi. Mara moja kwa mwezi fungua kifuniko, kagua ncha, na ukiona unga mweupe au wa kijani, ondoa nyaya, sugua kwa brashi kavu, funga tena kwa nguvu ya kiasi, kisha paka vaselini. Ncha iliyolegea hupata moto na huweza kuyeyusha plastiki. Unapofanya kazi hiyo, anza kwa kuondoa waya wa hasi, vua pete na bangili, na uzungushe utepe wa umeme kwenye mpini wa spana. Kiti kisioshwe kwa mpira wa maji. Wakati wa masika, mfuko wa plastiki juu ya usukani hufaa kuliko fundi wa baadaye.

VIPI KUHUSU LITHIAMU?

Betri za lithiamu, hasa zile za chuma na fosfeti zinazoandikwa LiFePO4, zimeshuka bei na zinauzwa pamoja na vifaa vya sola. Sifa zake ni za kweli: uzito ni kama theluthi moja hadi nusu ya ule wa risasi, zinaweza kutumika karibu zote bila kudhurika, na hustahimili kujazwa mara 2,000 au zaidi. Kwa anayelipia mwenyewe na kuhesabu miaka minane, huenda zikawa rahisi.

Hata hivyo zisiingizwe katika kiti chochote kiholela. Ndani ya betri hizo mna saketi ya ulinzi inayokata umeme ghafla zinapoisha au zinapopita kiwango. Kiti kinaposhuka mteremko, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme katika betri. Ikiwa zimejaa pomoni, saketi inaweza kukata, na kiti kikasimama ghafla juu ya mteremko ule ule wa feri tuliokwisha kuutaja. Kipimo cha taa kwenye usukani nacho kilitengenezwa kusoma betri za risasi, kwa hivyo kitaonyesha zimejaa karibu hadi dakika ya mwisho. Mtengenezaji wa kiti akikubali kwa maandishi, na chaja ikiwa ya lithiamu, endelea. La sivyo, baki na jeli.

KUJUA ZIMECHOKA

Mita ya volti haitoshi, kwa maana betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haina kazi. Njia ya uhakika haihitaji mtambo wa gharama. Jaza betri hadi pomoni, iache itulie usiku mzima, kisha ifunge peke yake kwenye balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 au 60, ambayo hula karibu ampea 5, na uandike saa. Kila baada ya muda pima volti, nawe uikate mara tu zinapofika 10.5. Betri nzima ya Ah 50 itaiwasha balbu hiyo kwa karibu saa tisa. Ikidumu saa sita, anza kuweka akiba. Ikidumu saa nne, usivuke nayo Likoni. Pima zote mbili, moja baada ya nyingine, na uzijaze mara moja baada ya jaribio.

Kuhusu gharama, Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya hali yake, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupokea maombi ya vifaa saidizi. Anayeomba kiti cha umeme na aandike ombi la betri na chaja waziwazi katika fomu ile ile.

BETRI KUUKUU

Betri mbili za kiti cha wastani zina zaidi ya kilo 20 za risasi, na pwani hii inajua madhara ya madini hayo kuliko sehemu nyingi za nchi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri za magari kilianza kazi mwaka 2007 na hakikufungwa hadi 2014, baada ya moshi na maji yake machafu kuwadhuru wakazi, watoto wakiwemo. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi huko na ambaye mtoto wake alipatikana na risasi mwilini, aliongoza kampeni iliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Betri iliyokufa, kwa hiyo, isipasuliwe uani ili kutoa risasi ya kutengenezea chubwi za nyavu, wala isitupwe jaani wala kuachwa mahali watoto wanapocheza. Zifunike ncha zake kwa utepe, iweke wima mahali pakavu, na uirudishe kwa muuzaji wakati wa kununua mpya; wengi hupunguza bei kwa kuichukua ile ya zamani, kwa sababu risasi ina soko. Mnunuzi wa mtaani anayepita na mkokoteni naye atakupa pesa taslimu, pengine nyingi zaidi. Muulize kwanza leseni yake ya NEMA, na anakozipeleka.